Tuingie Nyumbani kwa Mjane

Wapendwa, wiki hii tusome 2 Wafalme 4:1-7, tena polepole. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamlilia nabii Elisha: mume amekufa, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha haulizi anadaiwa kiasi gani. Anamwuliza ana nini nyumbani.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba kusoma kwa imani ni kufumba macho na kuona gari, kiwanja, nyumba ya ghorofa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliijua njia hiyo. Mwaka 1521, huko Pamplona, kombora la mzinga lilimvunja mguu, na kitandani aliwaza saa nyingi juu ya ushujaa na bibi wa ukoo bora aliyetamani kumtumikia. Yalikuwa mawazo matamu, lakini yakishapita alibaki mkavu. Alipojiwazia akiishi kama watakatifu aliokuwa akisoma habari zao, furaha haikumwondoka. Kutokana na tofauti hiyo kilichipuka kitabu chake, Mazoezi ya Kiroho, alichokiidhinisha Papa Paulo III mwaka 1548. Humo Inyasi anatutaka, tunapotafakari Maandiko, tuione hata barabara ya Nazareti kwenda Bethlehemu: urefu wake, upana wake, kama ni tambarare au ina mabonde na vilima.

Basi tuingie kwa mjane. Sikia vyombo vitupu vikigongana, vimeazimwa kwa majirani. Ona mlango ukifungwa kwa agizo la nabii. (Hapa mimi huguswa sana: muujiza huu mkubwa haukuwa na mtazamaji ila mama na wanawe.) Ishike ile chupa ya mafuta, ambayo mama aliitaja baada ya kusema hana kitu. Anamimina, wana wanasogeza vyombo. Mafuta yanakoma pale tu mmoja anaposema hakuna chombo kingine.

Kaa hapo. Zungumza na Bwana kama rafiki na rafiki yake, umwambie ni kitu gani ndani yako umezoea kukiita si kitu.

Sisemi njaa ni mawazo tu. Deni lilikuwa la kweli. Elisha alimwambia akauze mafuta, alilipe, kisha waishi kwa kilichobaki. Wala utele ule haukumiminika katika vyombo vyake peke yake. Kwa hiyo someni kifungu hiki nyumbani pamoja na watoto, na kila mmoja aeleze chombo alichokiona, na jirani aliyekitoa.