ALIYEKULA NAWE SAHANI MOJA



Labda umekuja uwanjani kusikiliza vyombo tu, au ulikuwa unapita njia ukapewa karatasi hii. Isome kabla hujaitupa. Nina swali moja: NI NANI ALIYEKUSALITI?

Siulizi habari za adui. Adui tunamjua, tunamkwepa. Anayesaliti ni yule uliyempa siri zako. Ni mchumba uliyemsubiri miaka, kumbe kadi za harusi yake na mwingine zimeshachapwa. Ni rafiki mliyechanga mtaji wa mitumba, akaenda kufuata mzigo asirudi. Ni baba mdogo aliyeuza kiwanja cha marehemu baba yenu mkiwa bado watoto. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi ninayekuandikia niliibiwa na mwenzangu tuliyekuwa tukilala chumba kimoja. Nikakimbilia kwa mganga, eti mkono wake upooze! Nikalipa, hasara juu ya hasara. Yeye akaendelea kutembea mjini mzima wa afya. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Chuki haimli unayemchukia, inakula wewe.

KIJANA ALIYEUZWA NA NDUGU ZAKE

Soma habari za Yusufu, kuanzia Mwanzo 37. Alikuwa na miaka 17. Ndugu zake walimvua kanzu, wakamtupa shimoni, kisha wakakaa kitako kula chakula. Jamani! Mdogo wao yuko shimoni anawasihi, wao wanatafuna mkate. Wakamwuza kwa vipande 20 vya fedha, akapelekwa Misri.

Kule Misri mke wa bwana wake akamsingizia, akafungwa. Gerezani alimsaidia mnyweshaji wa Farao, akamwomba amkumbuke akitoka. Yule bwana akatoka, akamsahau miaka miwili mizima!

Lakini Biblia inasema Mungu alikuwa pamoja na Yusufu nyumbani kwa Potifa, na inasema tena kwamba alikuwa pamoja naye gerezani. Hakumtoa siku ile ile. Hapo ndipo wengi tunapokosea, tunadhani Mungu akikawia amelala. Toka shimoni mpaka kusimama mbele ya Farao ilipita miaka 13. Mungu hakuwa amelala hata siku moja.

Njaa ilipoingia, ndugu zake wakaja kununua nafaka, wakamsujudia bila kumjua. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Amri ilikuwa mkononi mwake. Yusufu alijitenga pembeni akalia (Mwanzo 42:24). Mkuu wa nchi analia! Basi na wewe usione haya kulia mbele za Mungu.

Tena angalia jambo hili. Hakuwakumbatia siku ya kwanza. Aliwapima, mpaka Yuda, yule yule aliyetoa shauri auzwe, alipojitoa awe mtumwa badala ya mdogo wao Benyamini. Ndipo akajitambulisha. Kusamehe si ujinga. Unaweza kumsamehe aliyekula mtaji wako bila kumkabidhi mtaji mwingine. Aliyekudhuru mwili unaweza kumsamehe, na bado ukaenda polisi ukasema kweli. Kusamehe ni kukitoa kisasi mikononi mwako na kumwachia Mungu (Warumi 12:19). Ubaya waliompangia Yusufu, Mungu aliugeuza ukawa chakula cha watu wengi, wakiwemo wao wenyewe!

YESU NAYE ALISALITIWA

Bwana Yesu aliuzwa kwa vipande 30 vya fedha. Torati ilitaja kiasi hicho kuwa fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe (Kutoka 21:32). Usiku aliosalitiwa, aliinama akaosha miguu ya wanafunzi wake, na Yuda Iskariote alikuwemo. Alijua yote, lakini akamwosha, akala naye bakuli moja.

Na Petro je? Aliapa hatamwacha kamwe, akamkana mara tatu kabla jogoo hajawika.

Wote wawili walijuta. Yuda alibaki peke yake na aibu yake, akajinyonga. Petro alilia kwa uchungu, lakini akarudi kwa wenzake. Yesu aliyefufuka akamkuta ziwani, akamwandalia samaki na mkate, akamkabidhi kazi upya (Yohana 21). Kijana, kama umewaza kujiua kwa sababu ya aliyekuacha, USIFANYE! Usikae peke yako na jambo hilo. Mwambie mtu leo, kabla hujalala.

NA WEWE JE?

Sasa swali la mwisho, nalo ni gumu zaidi: wewe umemsaliti nani? Mama uliyemtelekeza kijijini? Binti uliyempa mimba ukamkana? Na Mungu aliyekupa pumzi, umempa mgongo mara ngapi? Ndugu yangu, Yesu alikufa kwa ajili ya waliosalitiwa na kwa ajili ya wasaliti pia. Kwake kuna nafasi yako.

Kama uko tayari, sema maneno haya kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, nimeumizwa, na mimi pia nimeumiza wengine. Nisamehe dhambi zangu zote. Ninaamini ulikufa kwa ajili yangu ukafufuka. Leo ninamsamehe yule aliyenisaliti. Nisaidie na kesho, uchungu ukirudi. Ingia moyoni mwangu uwe Bwana wangu. Amina."

Umeomba? Mbinguni kuna shangwe! Usiishie hapa. Uchungu unaweza kurudi asubuhi. Ukirudi, omba tena. Anza kusoma Injili ya Yohana. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, umwambie mchungaji uliyopitia. Na aliyekupa karatasi hii yuko hapo hapo, mfuate, atafurahi kuomba pamoja nawe.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Naye huenda kuna mtu aliyekula naye sahani moja.

YESU ANAKUPENDA!