Marehemu Anahitaji Rafu au Dua?



Bibi yangu alipofariki, nilirudi Kansanga na vitu vyake vitatu nilivyopewa na familia: tasbihi, kanga na picha. Hosteli nikagonga rafu ukutani, nikatandika kanga, nikavipanga vizuri, na maua pembeni. Rafiki yangu Muganda alipoingia akauliza kwa mzaha: "Umejenga ssabo?" Yaani kibanda cha mizimu. Nilicheka, lakini swali lile halikuniacha.

Nilijitetea kwa nia. Siiombi picha, namkumbuka tu. Na kumkumbuka maiti si kosa: Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, na aliruhusu kuzuru makaburi ili tuikumbuke Akhera.

Lakini nia hairithiwi. Kinachorithiwa ni kitu chenyewe. Surat Nuh inawataja Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas, katika riwaya ya Bukhari, anaeleza kuwa hao walikuwa watu wema. Walipokufa, jamaa zao waliweka masanamu katika vikao vyao na kuyapa majina yao. Waliotengeneza hawakuyaabudu. Yaliabudiwa baadaye, wao walipokwisha kufa na elimu ikapotea.

Nikaitazama rafu yangu. Ilikuwa ukuta wa kaskazini, upande wa kibla chetu hapa Kampala. Kila niliposimama kuswali, bibi alikuwa mbele yangu.

Je, basi tuwasahau? Hapana. Bi Aisha (r.a.) alikiri kumwonea wivu Bi Khadija, ambaye hakuwahi kuishi naye, kwa jinsi Mtume alivyomtaja mara kwa mara. Alikuwa akichinja kondoo na kuwapelekea nyama marafiki wa Khadija. Kumbukumbu yake ilibisha hodi kwa walio hai. Rafu yangu haikumfikia mtu yeyote, wala haikumfaa bibi kaburini. Dua na sadaka ndizo zinazomfaa.

Nimeishusha rafu. Picha iko sandukuni, tasbihi naitumia. Kanga nilimpelekea shoga yake wa miaka mingi wakati wa likizo. Aliipokea, akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia mambo ya bibi ambayo sikuwahi kuyasikia. Picha isingeniambia hayo.

Ndugu msomaji, rafiki wa marehemu wako yu hai? Mtembelee.

Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia. Amin.