Uso Uliopakwa Rangi: Je, Ni Uongo?

Swali hili huulizwa mara kwa mara, hasa mahali ambapo wazee na vijana huketi pamoja: je, mtu anayejipaka rangi usoni anasema uongo? Wengine hujibu upesi kwa kumtaja Yezebeli, aliyetia wanja machoni siku ya kufa kwake. Lakini hebu tusome vizuri. Yezebeli hakuhukumiwa kwa sababu ya wanja. Alihukumiwa kwa damu ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Naye Ayubu, mtu mwenye haki, aliporudishiwa heri yake, alimwita binti yake wa tatu Keren-hapuki, jina la Kiebrania ambalo maana yake ni pembe ya kuwekea wanja. Basi wanja peke yake hautupi jibu. Yatupasa kufikiri zaidi.

Siku hizi swali limekuwa gumu kuliko zamani, maana wako mafundi wasiotaka kumpendezesha mtu kwa namna tuliyoizoea. Wao hutazama kutu ya bati, gome la mti, magamba ya samaki, au udongo uliopasuka kwa jua, kisha huyaleta hayo usoni mwa mtu. Kazi yao si ya mchezo. Fundi haulizi tu kutu ina rangi gani. Hujiuliza kwa nini macho huitambua kuwa ni kutu: kwa kuwa haing'ai, kwa kuwa rangi ya chungwa imeingiliana na kahawia bila mpaka ulionyooka, kwa kuwa yaonekana kama itaparuza mkono. Huchora kwanza juu ya karatasi, hujaribu mgongoni mwa mkono, hufuta, huanza tena. Hutafuta kitu kitakachofanana na kutu lakini kisichoumiza ngozi.

Mfano mmoja wajulikana sana. Tarehe 25 Januari 2024, chini ya daraja la Pont Alexandre III mjini Paris, nyumba ya mitindo ya Maison Margiela ilionyesha mavazi yaliyobuniwa na John Galliano. Nyuso za waonyeshaji zilipambwa na Pat McGrath, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1970, ambaye mama yake alikuwa mshonaji mwenye asili ya Jamaika. Mwaka 2021 Malkia Elizabeth wa Pili alimpa cheo cha Dame kwa kazi yake hiyo. Usiku ule nyuso zilikuwa kama za wanasesere wa kauri, zinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Watu wengi duniani waliuliza zilifanywaje. Siku chache baadaye fundi mwenyewe alieleza mbele ya wote: alichukua barakoa za kawaida za kutunza ngozi, zile za majimaji zinazokauka zikabanduliwa, akazizimua kwa maji, akazipulizia usoni kwa kibomba cha hewa, tabaka juu ya tabaka. Kazi ilipokwisha, kioo kile kilibanduliwa na uso ukabaki.

Je, pale palikuwa na uongo? Uongo ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kutaka mwenzako aliamini. Hakuna aliyewatazama wale waonyeshaji akaamini kwamba wamezaliwa wa kauri. Vivyo hivyo wanawake wa visiwa vya Komoro husugua mti wa msandali kwa maji juu ya jiwe la tumbawe, wakajipaka usoni ujiuji wake wa manjano na kwenda zao sokoni. Hakuna wa kudanganyika. Na katika maigizo ya kale ya Peking, Wachina hujua kwamba uso mwekundu ni wa mtu mwaminifu, na uso mweupe ni wa mwenye hila. Rangi inayojitangaza kuwa ni rangi haimdanganyi mtu.

Twasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu huitumia methali hii kulaumu rangi. Lakini mkakasi wenyewe hauna kosa. Kila mtu ajua kwamba ni mti uliotiwa rangi. Mwenye kosa ni yule auzaye mti kwa bei ya dhahabu. Basi rangi ya kuogopwa ni ile inayojificha, na mfano wake ni mkorogo. Anayejichubua ataka tuamini kwamba ngozi ile ndiyo yake. Hata hivyo tusimtupie mawe, maana uongo wa kwanza hakuusema yeye. Aliambiwa, akaamini, kwamba rangi aliyozaliwa nayo ni aibu. Kisha akauziwa zebaki, ambayo hupita katika ngozi na kuharibu figo. Kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 mataifa yalikubaliana kuvikomesha vipodozi vya namna hiyo, lakini hata leo vinauzwa.

Yuko atakayesema: sawa, si uongo, lakini kumgeuza binadamu kuwa kauri ni kumshusha awe kitu. Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Mwanasesere hana sauti. Hukaa pale anapowekwa. Ikiwa msichana amekalishwa saa nyingi, ngozi yamwasha, naye aogopa kusema asije akakosa kazi, basi kweli amefanywa kitu, hata kama rangi ni nzuri ajabu. Huko Uingereza, Maria Gunning, mke wa Earl wa Coventry, alisifiwa mno kwa uzuri wake na weupe wa uso wake. Alikufa mwaka 1760 akiwa bado kijana, na yaaminiwa kwamba aliuawa na rangi nyeupe ya risasi aliyojipaka. Uso ukianza kuitumikia rangi, badala ya rangi kuutumikia uso, hapo pana dhambi, na mara nyingi ni dhambi ya wale wanaoshangilia.

Tena yuko jirani mwingine tusiyemwona. Vumbi linalometameta katika vipodozi vingi ni madini ya ulanga. Sehemu yake hutoka jimbo la Jharkhand huko India, ambako watoto wamekutwa wakiyaokota mashimoni badala ya kuwa shuleni. Mwaka 2017 makampuni kadhaa yaliunda umoja wa kulirekebisha jambo hilo. Kazi haijaisha, na anayenunua ana haki ya kuuliza.

Basi, ninyi wazee, kijana akipita mbele yenu na uso wenye rangi ya kutu au magamba ya samaki, msianze kwa kumwita Yezebeli. Mwulizeni ameitengenezaje, huenda mkajifunza kuitazama kutu kwa macho mapya. Kisha mwulizeni maswali yaliyo na uzito: Je, yakudhuru? Je, ni nani aliyeumia ili upate rangi hii? Na jioni, ukishanawa, je, waupenda uso unaobaki? Kijana awezaye kujibu swali hilo la mwisho kwa furaha, na ajipake rangi anayoitaka.