Nidhamu ya Binti, Uhuru wa Kijana

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na, kwa waliojaliwa bando, kwenye simu. Kengele ikanyamaza. Mwanafunzi wa sekondari aliyezoea kuamshwa, kupangiwa na kukemewa akaachwa na skrini, na skrini hiyohiyo ndiyo yenye mpira, michezo na soga za marafiki.

Nani humtawala mtu pale asipotazamwa na yeyote?

Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijibu swali hilo kwa mfano wa wafanyabiashara. Nafsi ni mbia: asubuhi weka naye masharti, mchana mchunge, jioni kaeni mpige hesabu ya faida na hasara. Karne tisa baadaye mwanasaikolojia wa Marekani, Barry Zimmerman, aligawa kujisimamia kwa mwanafunzi katika hatua zinazokaribia kuwa zilezile: kupanga, kujifuatilia kazini, kisha kujipima. Mwaka 1990, yeye na mtafiti mwenzake Manuel Martinez-Pons waliwahoji wanafunzi wakakuta wasichana wanawapita wavulana katika kupanga malengo na kuweka kumbukumbu za kazi zao. Mwaka 2006 wanasaikolojia Angela Duckworth na Martin Seligman nao wakaonyesha kuwa wasichana wa darasa la 8 walikuwa na alama bora si kwa kuzidi akili, bali kwa kuzidi nidhamu.

Basi wasichana wameumbwa hivyo? Tusiharakishe. Mwaka 1762, katika kitabu chake *Émile*, mwanafalsafa Rousseau alishauri binti azoeshwe kuzuiwa tangu mdogo, hata akatishwe michezo yake na kurudishwa kazini bila kunung'unika. Wazazi wengi hawajawahi kumsoma Rousseau, ila wamemtii kikamilifu.

Chukua nyumba yenye simu moja. Binti huipata usiku, vyombo vikishaoshwa, maji yakishatekwa na mdogo wake akishalala. Chaji imebaki kidogo. Anafungua kazi ya hesabu iliyotumwa WhatsApp, anainakili yote daftarini kabla simu haijazima, kisha anaikokotoa kwa mwanga wa kibatari. Kakake alikuwa na simu hiyo tangu saa nane mchana. Aliifungua kazi, akaitazama, akahamia kwenye mpira. Dodoso la mtafiti litampa binti alama za juu za kupanga muda, na atakuwa anazistahili. Lakini halitauliza ni nani aliyemwachia muda kiduchu hivyo.

Hapa ndipo sifa tunazomwagia wasichana zinapotia shaka. Kujitawala ni kuchagua. Anayepanga kwa kuwa hana nafasi ya kupoteza anafanya kitu cha thamani, ila si lazima awe huru. Kijana naye amedhulumiwa kwa njia yake: asiyewahi kuagizwa hata kusuuza kikombe anatarajiwaje kujiagiza kufungua daftari?

Na nidhamu hiyo haikuwalinda waliokuwa nayo. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, utafiti wa shirika la Population Council ulikuta asilimia 16 ya wasichana hawakurudi darasani, dhidi ya asilimia 8 ya wavulana.