Njaa Hazilingani

Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi niliamini kwamba mimi ni mtu mwenye kujizuia. Sikujisifu hadharani, maana mwalimu hujifunza mapema kuficha majivuno yake, lakini moyoni nilijiona hivyo. Nilikula nusu sahani, nikanawa, nikaondoka. Pilau ya arusini haikunishinda. Soda niliweza kuiacha nusu chupa mpaka ikaisha gesi. Tangu nilipoanza kufundisha mpaka nilipostaafu mwaka 2019, uzito wangu haukutoka kati ya kilo 57 na 59, na suruali niliyofungia ndoa ingenienea mpaka siku ile ya kustaafu kama wadudu wasingeitafuna.

Wanaoikumbuka miaka ya 1990 watanielewa nikisema kwamba wembamba ulikuwa na gharama yake siku zile. Mtu akitokeza mifupa ya shingo, watu walitazamana. Waganda waliuita UKIMWI kwa jina la Slim, na huku kwetu hapakuwa na haja ya jina. Jicho la jirani lilitosha. Marehemu mama yangu alinisihi ninenepe kidogo tu, ati watu wasipate la kusema. Hata lugha yetu ilikuwa upande wa wanene. Mnene huambiwa ana afya, amenawiri, mambo yake mazuri. Mwembamba huulizwa kulikoni. Basi nami, katika kujifariji, nikauita wembamba wangu tabia njema. Kila mtu hutafuta namna ya kuliheshimu umbo alilopewa.

Mdogo wangu wa kike, niliyemzidi miaka saba, alipewa umbo jingine. Tumetoka tumbo moja, tumekula sinia moja, tumekulia nyumba moja hapa Tanga, lakini yeye tangu utotoni alikuwa mnene na mimi nilikuwa ufito. Mwaka 2011 alipimwa akakutwa na kisukari. Alikuwa na umri wa miaka 45 na kilo 104. Daktari akampa vidonge vya metformini na kumwambia apunguze uzito. Mimi nikajitwika kazi ya usimamizi, bila ya kuombwa.

Nilimnunulia daftari. Nikamwambia aandike kila kinachoingia kinywani mwake, na kila Ijumaa baada ya sala aniletee. Akatii. Alikuwa mama mtu mzima, ana wajukuu wawili, naye alikaa kwenye kiti cha barazani kwangu akisubiri nisahihishe. Nilitumia kalamu nyekundu. Mchicha na samaki wa kuchemsha, vema. Chapati mbili, kosa. Wali wa nazi, kosa. Vitumbua vitatu na chai ya maziwa, kosa kubwa, nikapiga mstari chini yake. Wiki ya kwanza nikaandika, "Jitahidi." Wiki ya nne nikaandika, "Huna nia."

Ijumaa iliyofuata hakuja. Sikumfuata, kwa sababu niliona kutokuja kwake ndiko kunakothibitisha niliyoyaandika. Tangu hapo kila alipofika kwangu wakati wa chakula alisema amekwisha kula. Aliyeligundua jambo hilo ni mke wangu. Mimi nilidhani hatimaye ameanza kujizuia.

Mwaka 2020 nikapatwa na baridi yabisi. Viungo vya vidole vilivimba hata nikashindwa kuzungusha ufunguo. Daktari akanianzishia prednisoloni, vidonge vinne vidogo vya miligramu 5 kila asubuhi, akieleza kwamba vingepunguzwa polepole. Dawa za jamii hii zina historia ya heshima: daktari Philip Hench aliijaribu kotisoni kwa mgonjwa wa viungo huko Marekani mwaka 1948, mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea akatembea, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwangu pia zilifanya kazi. Katika siku chache nilifunga vifungo vya shati mwenyewe.

Kisha njaa ikaja.

Nataka kuieleza vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeishi miaka 61 nikidhani naijua njaa. Nilijua njaa ya kuchelewa kula, ambayo ukila inaondoka. Hii haikuondoka. Niliinuka mezani nikiwa na tumbo lililojaa, na kabla sijafika mlangoni mawazo yalikuwa yamekwisha rudi jikoni. Nilisoma gazeti huku nikijua idadi ya ndizi zilizobaki kabatini. Saa nane za usiku niliamka, nikaenda bila ya kuwasha taa, nikala ugali wa jana na mchuzi uliogandamana, nimesimama, kwa mkono, kama mwizi. Asubuhi mke wangu akauliza nani kamaliza mkate. Nikasema labda ni watoto. Watoto wenyewe walikuwa wamelala kwa mama yao siku hiyo, na mke wangu alilijua hilo. Hakusema kitu.

Kwa miezi mitano niliongezeka kilo 9. Uso ukawa duara. Na majirani, ambao walikuwa wakiniuliza kulikoni nilipokuwa mzima, sasa nilipokuwa mgonjwa wakanipongeza: "Mwalimu, umenawiri! Kustaafu kumekupenda!"

Ni wakati huo nilipoanza kujiuliza swali ambalo sijalimaliza. Ikiwa vidonge vinne vidogo vimeweza kuuondoa ule uwezo wangu wa kujizuia, je, ulikuwa wangu kweli? Sikuwa nimebadilika tabia. Niliamka alfajiri ileile, nikasali, nikalipa madeni yangu. Nia nilikuwa nayo, tena kali kuliko zamani, maana zamani sikuihitaji. Kilichobadilika ni mzigo. Nilikuwa mpagazi aliyejisifia mabega yake miaka yote, kumbe alikuwa amebebeshwa kapu tupu.

Aristotle alimtofautisha mtu asiyetamani kisichofaa na mtu anayekitamani lakini akajizuia, naye alimweka wa kwanza juu ya wa pili. Sibishani na mtu mkubwa kama huyo. Ila yeye alimfikiria mtu aliyeyatuliza matamanio yake kwa malezi na mazoea ya muda mrefu. Mimi sikuyatuliza. Niliyakuta yamelala.

Wataalamu wa miili wamekwisha kulichunguza jambo hili. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua homoni iliyoitwa leptini, ambayo mafuta ya mwili huitoa kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakaeleza habari za watoto wawili, binamu, waliozaliwa bila ya uwezo wa kuitengeneza homoni hiyo. Msichana wa miaka minane alikuwa na kilo 86. Mvulana wa miaka miwili alikuwa na kilo 29. Watoto hao walikuwa wakila bila ya kutosheka. Msichana huyo alipoanza kudungwa sindano za leptini njaa yake ikatulia, na kwa mwaka mmoja akapungua kilo 16. Watu wa namna hiyo ni wachache mno, na sisemi kwamba mdogo wangu ni mmoja wao. Nasema tu kwamba mtoto yule angeweza kuletewa daftari na kalamu nyekundu, na kila alama ya kosa ingekuwa sahihi, na mwalimu angekuwa amekosea.

Halafu nikakumbuka Ramadhani. Tangu alipoanza kufunga, mdogo wangu hakuwahi kula mchana hata siku moja isipokuwa kwa udhuru, na sita za Mfunguo Mosi alizifunga juu yake, mpaka daktari alipomshauri vingine. Nilifunga pamoja naye utotoni. Mimi saa tisa alasiri nilikuwa nikicheza. Yeye alikuwa amelala chini kwenye sakafu ya saruji, amekumbatia tumbo, ananyamaza. Sote tulihesabiwa kwamba tumefunga. Huyu ndiye niliyemwandikia kwamba hana nia.

Nisieleweke vibaya. Kuna watu wakilisikia neno hili hurukia upande wa pili na kusema, basi, mwili ni majaliwa, tule tu. Sivyo. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani juu ya watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliosaidiwa kubadili ulaji, na kufanya mazoezi ya kiasi cha kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari ya kukipata ilipungua kwa asilimia 58; waliopewa metformini, kwa asilimia 31. Mazoea yaliishinda dawa. Lakini, msomaji wangu, litazame neno "waliosaidiwa". Walikuwa na washauri wa kukutana nao mmoja mmoja, wakafuatiliwa na kutiwa moyo.

Mimi mwenyewe wakati wa vile vidonge nilisaidiwa na mke wangu. Hakunihubiria. Aliacha kununua mkate wa ziada. Alibadilisha sahani zetu akaleta ndogo. Mboga na kunde zikatangulia mezani, ugali ukafuata. Baada ya sala ya alfajiri tulitembea mpaka ufukweni na kurudi, naye ana magoti mabovu. Njaa haikuondoka hata kidogo, ila kilo zilikoma kuongezeka. Nilichokiona hapo ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita kujizuia hukaa kabatini na mikononi mwa wanaotupikia. Sijui kwa nini tunampa sifa zote mlaji peke yake, au lawama zote.

Vidonge vilipunguzwa hatua kwa hatua, wala haviachwi ghafla, kwani mwili huwa umesahau kujitengenezea homoni yake. Kadiri vilivyopungua, njaa nayo ikapungua, mpaka asubuhi moja nikagundua saa nne imefika na sijanywa chai. Nilikaa kitandani nikaona aibu kubwa kuliko ile ya usiku jikoni.

Mwaka 2024 mpwa wangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo na kijisanduku cha barafu. Ndani yake mlikuwa na sindano za semaglutidi kwa ajili ya mama yake. Jamii hii ya dawa ilitokana na utafiti wa homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba tumeshiba, na ile ya kwanza kutumika, mwaka 2005, ilitokana na kitu kilichopatikana kwenye sumu ya mjusi wa majangwa ya Amerika. Jaribio lililotangazwa mwaka 2021 lilionyesha kwamba waliodungwa kwa wiki 68 walipungua kwa wastani kama asilimia 15 ya uzito wao. Walipoachishwa, katika mwaka mmoja thuluthi mbili za kilo zile zilirudi.

Mdogo wangu akaziweka kwenye friji, kando ya nguru, akaja kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kuniuliza jambo linalohusu mwili wake. Akasema, "Kaka, watu wanasema hii ni kutafuta njia ya mkato. Ati ni uvivu. Wewe wasemaje?"

Miaka kumi na mitatu nyuma ningekuwa na jibu. Sasa nilivua miwani yangu nikaifuta, na nilipokuwa naifuta nikafikiri kwamba hakuna aliyewahi kuniambia nikaze macho kwa nia mpaka maandishi yaonekane. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba asijidunge mwenyewe kabla ya kuonana na daktari, maana mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa tahadhari juu ya sindano bandia za dawa hiyo. Tukaenda pamoja. Daktari aliuliza zilinunuliwa wapi na zilisafirishwaje, akazikagua, akampima, akamwanzishia kipimo cha chini, robo miligramu mara moja kwa wiki. Alimwonya kuhusu kichefuchefu, nacho kilikuja kweli, akasumbuka nacho wiki mbili.

Mwezi wa pili nilimtembelea jioni. Nilimkuta ameketi jikoni kwenye mbuzi ya kukunia nazi, hajakuna kitu, amekaa tu. Nilidhani anaumwa. Akanitazama kama mtu aliyepotewa na kitu asichokijua jina.

"Kaka," akasema, "leo nimesahau kula."

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Tangu asubuhi. Si kwamba nilijizuia. Nimesahau." Akanyamaza kidogo. "Wewe ndivyo ulivyokuwa siku zote?"

Nikamwambia ndiyo.

Akaichukua ile nazi, akaigeuza mikononi mwake, kisha akaniuliza bila ya hasira yoyote, "Na ile kalamu nyekundu?"