Baba Asiyetajwa
Ujerumani ilipoikalia Norwe, 1940 hadi 1945, takriban watoto 10,000 walizaliwa na wanawake wa Kinorwe kwa askari wa Kijerumani. Vita vilipokwisha, baadhi ya mama hao walinyolewa nywele hadharani au kufungwa kambini. Aliyeolewa na Mjerumani alinyang'anywa uraia; mwanamume aliyeoa Mjerumani, ajabu, hakuguswa. Si ajabu basi jina la baba lilifichwa nyumbani. Mmoja wa watoto hao, mwimbaji wa kundi la muziki la ABBA, Anni-Frid Lyngstad, aliyezaliwa Novemba 1945 na kulelewa Uswidi na bibi yake, alikua akiamini baba amekufa. Kumbe baba alikuwa hai: walionana 1977, binti ana miaka 31. Serikali ya Norwe iliwaomba radhi wanawake waliotendewa hivyo 2018. Wengi walikwisha zikwa.