Kumtunza Mzee si Kumtawala

Siku hizi wazazi wengi huishi miaka mingi pamoja na maradhi yasiyopona: kisukari, shinikizo la damu, baridi yabisi. Zamani kisukari kikali kilikuwa hukumu ya kifo. Tangu insulini ilipogunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, mgonjwa aweza kuishi nacho hata uzeeni. Basi, sisi watoto twapaswa kujiuliza: Je, kumtunza mzazi mgonjwa ni kumfanyia kila kitu?

Wengi hujibu kwamba ndiyo. Mama akianguka mara moja, huondolewa shambani kwake akapelekwa mjini kwa mwanawe. Huko hapiki, hateki maji, hashiki fedha; hata vidonge vyake hutunzwa na mkaza mwana. Hayo hufanywa kwa upendo, wala hatumlaumu mtu. Lakini tuyatazame matunda yake. Viungo visivyotumika hudhoofika, na aliye dhaifu huanguka upesi zaidi. Tena yeye aliyeongoza nyumba kwa miaka 50 sasa aomba ruhusa kama mtoto mdogo.

Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Haikutupa mamlaka juu yao. Msaada ulio bora ni ule umwezeshao mzee kujisaidia. Aelezwe kwamba vidonge vya shinikizo la damu humezwa hata siku asiyoumwa, maana ugonjwa huo mara nyingi hauna dalili. Viwekwe karibu na kikombe chake cha chai ya asubuhi. Mwenye kisukari azikague nyayo zake kila jioni, kwani kidonda huweza kuanza bila maumivu. Njia ya chooni iwe na taa, na ukuta uwe na mahali pa kushika. Huko Zanzibar, tangu mwaka 2016, serikali huwapa wazee waliotimiza miaka 70 pensheni ya kila mwezi. Fedha hizo si nyingi, lakini mwenye kuamua matumizi yake ni mzee mwenyewe.

Twajua wako wazee waliopotewa na fahamu, au wasioweza tena kuinuka. Hao hapana budi wahudumiwe kwa kila jambo. Bali mwenye akili timamu aulizwe kwanza. Akichagua kubaki kwake, tumsaidie kubaki. Wasomaji wapenzi, tuzipime nyoyo zetu: mara nyingi tumhamishapo mzee hatuuponyi ugonjwa wake, twaituliza hofu yetu wenyewe.